Ufa kwenye tundu la kayaki: shida ni toroli au ni namna ya kulipakia?

"Habari mtaalamu. Niko Usa River, mwaka jana nilinunua kayaki ya kuvulia (kimtumbwi chembamba cha plastiki), mtumba, kwa mtu aliyekuwa anahama. Ni ile ya kukalia juu, urefu mita 3.6, na uzito ni kama kilo 50 bila vitu. Jumamosi huwa naifunga juu ya Noah naenda bwawa la Nyumba ya Mungu kutafuta perege. Kazi ipo pale gari linapoishia mpaka majini, kiangazi maji yanarudi nyuma sana, mtu unavuta hata mita 300 kwenye tope lililokauka, mawe na miiba. Nilipewa na toroli lake, lina vyuma viwili vimesimama, vinaingia kwenye matundu ya chini ya kayaki. Wiki mbili zilizopita nimekuta maji ndani kama nusu ndoo, kucheki nikaona kiufa kwenye tundu moja linaloingia chuma. Jamaa mmoja ananiambia plastiki haivunjiki niburute tu, mwingine anasema toroli likae nyuma kabisa na tairi nizijaze upepo mpaka ziwe ngumu, na fundi wa fiber anataka anibandikie kwa gundi. Halafu chini imebonyea sehemu mbili. Je ndo imeisha hiyo? Nifanyeje?"

Ndugu yangu, pole, na umefanya vizuri kutafuta yale maji yametoka wapi, maana wengi wanamwaga tu wanaendelea. Haijaisha. Kwa unavyoeleza hiyo ni kayaki ya kupona kabisa, ila naomba kwanza uipumzishe, usiingie nayo majini hata Ziwa Duluti pale karibu mpaka ufa uzibwe na ujaribiwe. Nusu ndoo ni lita 10, ni kilo 10 zinazotembea ndani, ukiegemea kushoto na zenyewe zinakimbilia kushoto, na ufa ukishaanza kupitisha maji hauna kawaida ya kubaki pale pale. Ukiwa katikati ya bwawa upepo wa mchana umeamka hutapata muda wa kufikiria.

Sasa tuelewane kuhusu hiyo plastiki, kwa sababu ukiielewa mengine yote yatajileta yenyewe. Kayaki yako imetengenezwa karibu sawa kabisa na tenki la maji, yale meusi yaliyopo kila nyumba. Unga wa polithini unawekwa ndani ya mold, mold inapashwa moto huku inazungushwa pande zote, unga unayeyuka unajipaka kwenye kuta, ikipoa unatoa kitu kimoja kizima hakina maungio. Ndo maana inavumilia kugongwa, inabonyea na kurudi. Lakini angalia tenki linavyowekwa, fundi anayejua kazi yake anakwambia lazima likae kwenye jukwaa lililo tambarare, likalie tumbo lote, ukiliweka juu ya mbao mbili zilizoachana linajaa maji, linazama katikati, baada ya miezi linapasuka pale pale kwenye ukingo wa mbao. Plastiki ni ile ile na maji ni yale yale, kilichobadilika ni kwamba uzito wote umekaa sehemu ndogo. Kayaki yako imefanyiwa hivyo hivyo.

Yale matundu yanayotoboka kutoka pale unapokalia mpaka chini ya tumbo yamewekwa kwa ajili ya kutoa maji yanayorukia juu. Ni kijibomba chembamba kinachounganisha sakafu ya juu na ya chini. Na wakati wa kuumbwa, kwenye kona kali kama zile unga haujipangi vizuri, kwa hiyo mara nyingi ukuta wa pale ni mwembamba kuliko sehemu nyingine. Sasa wewe unaingiza vyuma viwili, kilo 50 za kayaki na pengine kilo 20 za vitu zinakalia vipande viwili vidogo kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Ukiwa umesimama bado sio mbaya sana. Shida inaanza ukitembea, gurudumu moja likipanda jiwe toroli linalala upande, kile chuma kilichosimama kinageuka mtalimbo, kinasukuma ukuta wa tundu kutoka ndani kwenda pembeni, jiwe linalofuata kinarudisha upande wa pili, mita 300 kwenda mita 300 kurudi, kila Jumamosi. Plastiki ukiikunja mara moja haisemi kitu, ikunje mara elfu pale pale utaona inaanza kuweka mstari mweupe, na ule mweupe ndo baba yake ufa.

Nisiwe mwonevu kwa matoroli ya namna hii lakini. Kuna makampuni, Hobie kwa mfano, wanatengeneza toroli la kuchomeka makusudi kwa boti zao na matundu yake yameandaliwa kubeba. Kama toroli na kayaki vimetoka kiwanda kimoja na kitabu chake kinaruhusu, tumia, ila kwenye ardhi laini na bila mizigo. Lako ulipewa tu na huna uhakika kama lilizaliwa kwa ajili ya kayaki hiyo, kwa hiyo mimi ningeliweka pembeni, au ningemwachia fundi magurudumu yake tukatengeneza lingine.

Twende kwa ushauri wa marafiki zako. Wa kwanza, kuburuta. Ni kweli ukiburuta kwenye majani mabichi au mchanga laini mita 10 hamna shida, mimi mwenyewe nafanya. Ila ukiinua pua ukaburuta, uzito wote wa nyuma unakalia kidole kimoja cha plastiki pale mkiani, na udongo wa kule kandokando ya bwawa ukikauka una kokoto, unakula kama msasa. Nimeletewa kayaki mbili hapa Moshi ambazo hazikuwahi kugongwa na kitu, mkia tu umelika mpaka ukibonyeza kwa dole gumba unaingia ndani kama karatasi. Na kuliziba eneo lililolika ni kazi kubwa kuliko kuziba ufa, maana unatakiwa kurudishia nyama iliyokwisha. Pindua ya kwako leo uangalie mkia, bonyeza, linganisha na pembeni.

Wa pili anasema toroli likae nyuma kabisa. Namwelewa, inaonekana rahisi, unainua pua unatembea, na kukata kona inakuwa nyepesi. Ila tupige hesabu kidogo. Kayaki ya mita 3.6 uzito wake unajikusanya kama katikati, mita 1.8 kutoka puani. Toroli likikaa sentimita 20 kutoka mkiani, mikono yako puani inabeba karibu kilo 23, na hiyo ni tupu. Ukilisogeza mpaka sentimita 30 tu nyuma ya katikati, mikono inabeba kilo 7. Kayaki ni ile ile, njia ni ile ile. Halafu kuna jambo watu hawalioni, ukishika mwisho mmoja na toroli limeshika mwisho mwingine, tumbo la katikati linaning'inia halina msaada, kila shimo linachezacheza, na ukiweka kreti na betri katikati ndo umeongeza. Toroli likikaa karibu na katikati linabeba pale palipo na mzigo.

Namna ya kupata hiyo katikati yake ya kweli, usipime kwa futi. Tafuta bomba la mviringo au gogo laini, liweke kwenye majani, ipandishe kayaki juu yake na vitu vyote vikiwa mahali unapovibebea, isogeze taratibu mpaka ibaki inapepesuka haiendi mbele wala nyuma. Weka alama kwa maka peni pembeni. Kisha pima sentimita 25 mpaka 30 kuelekea mkiani, weka alama ya pili, ekseli ya toroli ndo inakaa hapo. Unataka pua iwe nzito kidogo mkononi, kilo 6 au 8 hivi, ikiwa nyepesi kabisa itakuwa inakurukia usoni ukishuka bondeni.

Kuhusu upepo, hapo rafiki yako amechanganya lami na tope. Kwenye lami tairi ngumu inateleza vizuri. Kwenye mchanga na tope tairi ngumu inakata kama kisu, unavuta gurudumu linalochimba. Ukipunguza upepo tairi inatanuka chini, uzito unasambaa, inaelea juu ya ardhi badala ya kuzama. Tena ikigonga jiwe inameza mshtuko kabla haujafika kwenye plastiki. Wenzetu wa nje wanatumia yale magurudumu manene kama puto, ukiyapata ni mazuri sana kwa mchanga ila kwenye miiba ya migunga ya kule yatakulilia. Kwa mazingira yetu mimi nashauri gurudumu la wilibaro, rimu ya inchi 8, ni saizi ya rimu ya bajaji kwa hiyo tyubu hukosi, iwe Krokon pale Arusha mjini iwe Boma Ng'ombe. Weka dawa ya pancha ndani ya tyubu, beba pampu ya baiskeli, jaza kiasi kwamba ukikanyaga kwa mguu inabonyea kidogo. Zile tairi mfu zisizo na upepo hazipati pancha, ni kweli, lakini ni nzito na zinagonga, ningezichukua tu kama njia yako yote ni kokoto ngumu hakuna tope.

Toroli lenyewe mpelekee fundi wa kuchomelea yeyote aliye makini, sio kitu cha kuagiza nje. Mwambie unataka fremu ndogo ya bomba za mraba, juu yake mihimili miwili inayoelekea mbele na nyuma, kila mmoja sentimita 60 au 70, iachane kiasi cha kukaa kwenye ile migongo miwili ya chini ya kayaki yako, sio katikati kwenye bonde. Ile migongo ndo mifupa yake, ndo inayobeba. Mihimili uivishe sponji nene, zile za mabomba ya AC zinafaa, au kata tyubu kuukuu ya lori uzungushie tabaka tatu. Mhimili wenye upana wa sentimita 8 na urefu wa 60, miwili inakupa karibu sentimita za mraba 960 za kukalia mzigo ule ule uliokuwa unakaa kwenye vyuma viwili. Magurudumu yaachane kuliko upana wa mihimili, hata sentimita 70, ili lisipinduke kwenye mteremko wa pembeni. Watu wanapenda kutengeneza kwa mabomba ya PVC kwa sababu ni rahisi na hayashiki kutu, kwa kayaki ya kilo 20 sawa, kwa ya kwako yatakatikia kwenye kona siku uko mbali na gari. Chuma kipakwe rangi vizuri, na beringi ukishazizamisha kwenye maji na tope, ukifika nyumbani osha na tia grisi, hiyo usiache hata mara moja.

Kufunga sasa. Mkanda mmoja upite juu ya kayaki usawa wa kiti uzunguke mpaka kwenye fremu, wa pili mbele yake kidogo. Alafu, na hapa ndo wengi wanakosea, funga kamba kutoka kwenye fremu kwenda mbele mpaka kwenye mshikio wa pua au kitu imara kilichoko mbele. Kwa nini? Gurudumu likigonga jiwe toroli linasimama ila kayaki inaendelea na safari, toroli linachomoka kuelekea mkiani, kayaki inadondokea jiwe. Ile kamba ndo inalivuta toroli liende pamoja. Mipira ile ya bodaboda ni mizuri kwa kreti lakini usiitegemee kwa kayaki, inavutika, mzigo unacheza.

Punguza mzigo. Betri, nanga, kreti la samaki, kama ina pedali zake zitoe pia. Safari mbili za mita 300 ni dakika 10, tundu la kuchomelea ni kazi ya siku. Na ukitoka majini, kabla hujavuta hata hatua moja, fungua kizibo cha mkiani utoe maji yote, maana ukiinua pua yanakimbilia nyuma, ukishuka kwenye shimo yanakuja mbele, mzani wote uliopima unahama. Kwenye mteremko mkali kayaki itangulie, wewe ubaki upande wa juu wa mteremko ukiizuia kwa kamba, usikae chini yake hata kama unajiamini. Na kama uliwaza siku moja uende nayo Ziwa Chala, zile kuta za kreta sio za toroli kabisa, hapo ni watu wanne na mikono.

Mibonyeo ya chini nadhani najua ilikotoka, ni juu ya gari. Keria za Noah nyingi ni vyuma vyembamba, ukiilaza kayaki tumbo chini ukakaza mikanda ya ratcheti mpaka iite, halafu jua la saa saba, polithini inalainika inafuata umbo la chuma. Ipindue, tumbo liangalie juu, weka vipande vya godoro kwenye keria, kaza mpaka isicheze basi, halafu pua na mkia vifungwe kwa kamba kwenda kwenye bampa. Kwenye matuta na rasta punguza mwendo kuliko ulivyozoea. Ukifika, legeza mikanda mara moja.

Na kuna kitu kimoja ambacho watu wa kwetu hawakifikirii. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Usa River chini yake kidogo, Nyumba ya Mungu iko chini ya mita 700. Aliyewahi kupanda basi Arusha kwenda Dar anajua, chupa tupu ya maji uliyoifunga asubuhi ukiwa Arusha, ukifika Korogwe imejikunja yenyewe, kwa sababu kadiri unavyoshuka hewa ya nje inakuwa nzito kuliko iliyofungiwa ndani. Kayaki yenye vizibo vinavyobana vizuri ni chupa kubwa. Ukishuka nayo imefungwa inanyonywa kwenda ndani, ukiongeza na joto lililoilainisha, mbonyeo umeshapatikana bila mtu kuigusa. Kwa hiyo safarini kizibo kiwe wazi, kwenda na kurudi, ukifunge ukiwa unaingia majini. Kifunge kweli lakini, weka kitambaa chekundu kwenye usukani wa gari kikukumbushe.

Kurudisha mibonyeo yenyewe ni rahisi. Ilaze juani tumbo juu masaa kadhaa haijakalia chochote, mingi inarudi yenyewe. Ikigoma mwagia maji ya moto ya kawaida, ingiza mkono kupitia mfuniko ukiwa umeuvisha kitambaa, sukuma taratibu kutoka ndani, ikirudi mwagia maji baridi. Usitumie jiko la gesi wala moto wa wazi, utaichoma na kupafanya pawe dhaifu moja kwa moja.

Tumebakiza ufa. Fundi wa fiber simlaumu, kwenye boti za fiber dawa yake ni sahihi, lakini polithini haishikwi vizuri na gundi za kawaida, iwe supa gluu, iwe epoksi. Ukitaka ushahidi paka gundi kwenye dumu la mafuta ya kupikia, ikauke siku mbili, kisha ibandue kwa kucha. Itashika kayaki yako wiki moja halafu itafunguka ukiwa majini, na mbaya zaidi itakuwa imechafua sehemu ambayo fundi wa kweli anatakiwa kuchomelea. Kinachoziba polithini ni polithini, inayeyushwa pamoja. Wanaozibia matenki ya maji kwa hewa ya moto ndo watu wako, na mshipi wa kuchomelea (ule ukanda wa plastiki unaoyeyushwa kuziba ufa) ukitoka kwenye kipande cha tenki unakaribiana na kayaki yako kuliko wa dumu. Mwambie atoboe kitundu kidogo cha drili mwisho wa ufa ili usitembee, akwangue mpaka plastiki safi, ajaribu kwanza mahali pasipo na maana kama mshipi unashika. Kama plastiki inababuka na kuwa nyeusi bila kuyeyuka, asimame hapo hapo, kuna polithini za aina nyingine ambazo hazichomelewi kabisa.

Ila hii ya kwako naomba usiifanyie mwenyewe nyumbani na bisibisi la moto. Ufa wa juu kwenye tumbo pana ningekuelekeza ukafanya mwenyewe, wa ndani ya tundu ni mwingine, unachoona ni kipande tu, mara nyingi umezunguka kwenye shingo la kijibomba kwa ndani ambako jicho halifiki. Ipeleke kwa mtu aiingize taa kupitia mfuniko aone. Vivyo hivyo kama mkia umelika ukabonyea, au kama kuna mstari mweupe kwenye tundu la upande wa pili, maana lile nalo limebeba chuma muda ule ule.

Ikishazibwa, ilaze kwenye stuli mbili, mimina lita 20 ndani, iinamishe maji yakalie lile tundu, iache nusu saa huku umetandika gazeti kavu chini. Gazeti likibaki kavu, nenda nayo Duluti kwanza, karibu na ukingo, jaketi okozi mwilini, kaa dakika 20 halafu toka ufungue kizibo uone. Yakitoka matone mawili matatu ya unyevu uliojikusanya ndani sio tatizo. Yakitoka maji ya kujaza kikombe, irudishe kwa fundi kabla ya Jumamosi yoyote ya Nyumba ya Mungu.